Ile sarafu ya Diogo Cão aliyoacha papa yako: ni madini ya fedha kweli, na bei yake ni ngapi?

Dada mmoja wa Katuba, hapa hapa Lubumbashi, ameniandikia hivi: "Papa, salamu. Marehemu papa yangu alikuwa shofere wa Mreno mmoja mwenye duka. Huyo Mreno siku ya kuondoka alimwachia sarafu moja kubwa, imeandikwa Diogo Cão, 100 escudos, 1987. Sasa imekuwa nyeusi. Komisioneri (dalali) mmoja mjini anasema ni ya miaka 500, inaweza kufika dola 2,000, nimwachie akaonyeshe wateja. Fundi wa bijuteri kwenye soko ya Kenya, komini ya hapa hapa mjini, ameiweka kwenye balansi ikasoma gramu 20.9, anasema ni fedha, tuiyeyushe anitengenezee cheni na pete. Kaka yangu anataka tuisugue na majivu kwanza. Tufanye nini, na huyu Diogo Cão ni nani?"

Mwanangu, salamu kwako na kwa wote nyumbani, na pole sana kwa papa. Kabla sijaeleza chochote, hiyo sarafu irudi nyumbani leo. Isilale kwa komisioneri hata usiku mmoja, isilale kwa fundi, na kaka yako aache majivu yake kwanza. Mengine yote tunaweza kuyaongea polepole lakini hayo hayangoji, juu sarafu ikishatembea na mtu "kuonyesha wateja" hujui kama itakayorudi ni ile ile, na ikishasuguliwa imesuguliwa, hakuna dawa.

Bon. Tuanze na hiyo habari ya miaka 500 maana ndiyo rahisi kumaliza. Chukua sarafu yako uitafutie maneno República Portuguesa, yaani Jamhuri ya Ureno. Ureno imekuwa jamhuri mwaka 1910. Siku za Diogo Cão kulikuwa na mfalme, João wa pili, na ni huyo mfalme ndiye alimtuma baharini, sasa pesa ya mfalme itaandikwaje jamhuri? Halafu escudo yenyewe, kama pesa ya ile jamhuri, ilianza 1911 na ikafa mwanzo wa 2002 wakati Ureno walishaingia kwenye euro. Kwa hiyo mwaka ulioandikwa pale, 1987, ndio mwaka wa sarafu, hakuna siri nyingine. Ilipigwa Lisbon, kwenye nyumba yao ya serikali ya kutengeneza pesa, ikiwa moja kati ya sarafu za kukumbuka safari za zamani za Wareno: kuna ya Gil Eanes, ya Nuno Tristão, hii ya Diogo Cão, na ya Bartolomeu Dias. Mtu ni wa miaka 500, sarafu ni ya juzi tu. Labda komisioneri hakukudanganya kwa makusudi, aliona jina la mtu wa zamani akafikiri na chuma ni ya zamani, lakini bei anayokuimbia imejengwa juu ya hilo kosa.

Sasa swali kubwa, ni fedha au si fedha. Hapa fundi wako amekusaidia bila kujua, maana hiyo gramu 20.9 inasema mengi. Sarafu hii ya escudo 100 waliipiga kwa metali tofauti tofauti. Ile ya watu wote ni ya shaba iliyochanganywa na nikeli, nyeupe nyeupe, ina gramu 16.5. Ya fedha ina gramu 21, na fedha yake ni ya 925, maana yake kwenye sehemu elfu moja, 925 ni fedha na 75 zilizobaki ni shaba (fedha tupu ni laini mno, inakwaruzika upesi, ndiyo maana wanaiongezea shaba kidogo iwe ngumu). Kuna na ya dhahabu, hiyo ni ya njano huwezi kuichanganya na yako, na katika sarafu hizo za ukumbusho kuna za platini na paladi ambazo nazo ni nyeupe lakini zinapita gramu 31. Kwa macho tu, ya shaba-nikeli na ya fedha zinafanana, upana ni ule ule kama sentimita 3 na nusu hivi, watu wengi wananunua moja wakifikiri ni nyingine. Balansi ndiyo inawatenganisha. Yako imesoma 20.9, na balansi za sokoni kukosea kidogo hivyo ni kawaida, kwa hiyo mimi tayari naegemea upande wa fedha.

Lakini uzito peke yake hautoshi, juu mtu akitaka kuiga anaweza kuongeza unene mpaka gramu zifike. Kwa hiyo rudi kwa yule fundi, au kwa mwingine mwenye balansi inayoonyesha mpaka namba mbili nyuma ya nukta, umwombe dakika tano za kipimo cha maji. Mafundi wa dhahabu wanakijua vizuri. Kwanza apime sarafu ikiwa kavu, aandike. Halafu aweke juu ya balansi glasi ndogo yenye maji, abonyeze kile kitufe cha kurudisha kwenye sifuri. Ufunge sarafu na uzi mwembamba, uishike kwa mkono, uiteremshe ndani ya maji mpaka yaifunike yote bila kugusa chini wala pembeni. Kama ni mara ya kwanza utashangaa, sarafu haijagusa glasi lakini balansi inapanda. Ile namba inayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu. Angalia kama kuna mapovu ya hewa yamejishika kwenye maandishi, yatikise yatoke, yanaharibu hesabu. Kisha chukua uzito wa kavu ugawanye kwa ile namba ya majini. Fedha ya 925 inakupa kama 10.3 au 10.4. Kwa sarafu yako ya gramu 20.9 balansi inapaswa kuonyesha karibu 2.02 ikiwa majini. Ukipata hesabu ya 8.9 hivi, hiyo ni shaba, au shaba na nikeli, hata kama juu imepakwa fedha inayong'aa. Sisi watu wa Lubumbashi shaba tumekulia ndani yake, hatupaswi kuuziwa shaba kwa bei ya fedha.

Sumaku haitakusaidia sana hapa. Fedha haishikwi na sumaku, lakini na shaba haishikwi, na hiyo ya shaba-nikeli pia haishikwi, kwa hiyo sumaku itakuonyesha tu bandia ya chuma. Kuigonga usikilize sauti, sawa, fedha inalia mlio mrefu mwembamba kama kengele ndogo, ila inataka sikio lililozoea, na ikikuponyoka ikaanguka kwenye saruji inapata jeraha kwenye ukingo. Asidi ndiyo nakataza kabisa. Fundi atakuambia "naikwaruza kidogo tu kwenye jiwe, naweka tone", na kwake ni kazi ya kila siku kwa sababu anafikiria kuyeyusha, lakini ule mkwaruzo mtu anayekusanya sarafu atauona kwa sekunde moja na atapunguza bei.

Tuje kwenye bei. Ile thamani iliyoandikwa, escudo 100, imekufa. Wakati wa kubadilisha, euro moja ilihesabiwa escudo 200.482, kwa hiyo 100 ilikuwa kama nusu euro tu, na benki kuu ya Ureno ilifunga mlango wa kubadilisha sarafu za escudo mwisho wa 2002. Inayobaki ni mambo mawili, fedha iliyomo ndani na hamu ya wakusanyaji.

Fedha iliyomo unaihesabu mwenyewe. 20.9 mara 0.925 ni gramu 19.3 za fedha tupu. Duniani fedha inauzwa kwa onsi, na onsi ya metali hizi ni gramu 31.1, kwa hiyo wewe una onsi 0.62. Siku unayotaka kujua, tafuta kwenye telefone bei ya onsi ya fedha ya siku hiyo, uzidishe kwa 0.62. Onsi ikiwa dola 30, yako ni dola 18 na nusu hivi. Ikiwa 50, ni 31. Usishike namba moja kichwani maana fedha inaruka sana, 2011 onsi ilikaribia dola 50, Machi 2020 ilishuka mpaka karibu na 12, mtu aliyekuambia bei mwaka jana huenda hakukudanganya na bado leo amekosea.

Hamu ya wakusanyaji kwa sarafu hii inaongeza kidogo, si sana, na hapa najua nakuvunja moyo lakini ni bora uyasikie kwangu kuliko kwa mtu anayetaka kukununulia. Sarafu za ukumbusho za miaka hiyo zilipigwa nyingi, na walionunua walizitunza, hazikuzunguka sokoni zikapotea, kwa hiyo hazijawa adimu. Kama ingekuwa na kisanduku chake na karatasi yake ya cheti, na haina alama ya kidole, ingepanda. Ya kwako bila kisanduku itauzwa karibu na bei ya fedha yake na kitu kidogo juu. Hizo dola 2,000 labda komisioneri alisikia habari ya ile ya dhahabu, sijui kwingine angezitoa wapi. Mtu akija na dola 10 mkataze, na akija na ahadi ya 2,000 bila kuleta kitu mkononi, mkataze zaidi.

Na kuyeyusha? Usikubali. Simchukii fundi, ana njaa ya kazi kama wote, na 925 ni fedha ile ile wanayotumia kwenye cheni na pete. Lakini angalia unachopata: sarafu ikishayeyuka jina limekwenda, mwaka umekwenda, na gramu kadhaa zinabaki kwenye vumbi la kazi na kwenye msasa. Fedha ya kutengenezea cheni anaweza kuinunua kokote kwa bei ya kilo. Ukitaka cheni, nunua cheni.

Weusi sasa. Huo si uchafu mwanangu, na haimaanishi sarafu ni bandia, watu wengi huku wanaamini fedha ya kweli haigeuki nyeusi na ni kinyume chake kabisa. Fedha inapokutana na salfa ya hewani, ya moshi, ya mpira, ya yai, inatengeneza ngozi nyembamba sana juu yake, kwanza ya njano kama chai, halafu ya bluu na zambarau, mwisho nyeusi. Huku kwetu na moshi wa makaa jikoni haichukui muda. Hiyo ngozi imekaa juu ya sarafu tu, chini yake sura iko salama. Majivu, mchanga, dawa ya meno, ndimu na chumvi, vyote vinaondoa weusi, ni kweli, na vyote vinaondoka na fedha kidogo na kuacha mikwaruzo maelfu midogo, sarafu inang'aa kama kijiko kipya na imekufa.

Nalisema hili kwa maumivu. Nilipokuwa kijana muzee wangu alinipa sarafu ya Katanga ya 1961, ile ya bronzi ya faranga 5, upande mmoja ndizi, upande wa pili croisette, ule msalaba wa shaba wa huku kwetu. Ilikuwa na rangi ya kahawa iliyoiva, nzuri, nikaona ni uchafu. Nikaisugua na ndimu na mchanga laini asubuhi nzima. Ilitoka ya pinki kama kidole cha mtoto, na mistari yote miembamba ya ile mikono ya croisette ikawa imelainika, ukipitisha ukucha hausikii kitu. Muzee aliishika, akaigeuza geuza, akanirudishia bila kusema. Ningali nayo, na rangi ile haijarudi mpaka leo.

Ya kwako, kama kuna vumbi au mafuta ya vidole, iogeshe tu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya maji, bila kitambaa cha kusugua, isuuze, uikaushe kwa kuigusisha gusisha na kitambaa laini. Weusi uuache.

Haya, Diogo Cão ni nani. Hapa ndipo napenda uketi vizuri, juu kati ya sarafu zote ambazo yule Mreno angeweza kumwachia papa yako, hii inatuhusu.

Alikuwa nahodha wa mfalme João wa pili. Mwaka 1482 akishuka na pwani ya Afrika alifika mahali ambapo maji ya bahari yalibadilika, yakawa ya udongo, na maji baridi ya mto yanaingia mbali ndani ya chumvi. Ilikuwa ni mdomo wa mto wetu. Akasimamisha pale nguzo ya jiwe yenye msalaba na alama za mfalme wake, kwa desturi yao waliziita padrão, upande wa kusini ambao leo ni Angola. Wenyeji aliowakuta walikuwa watu wa ufalme wa Kongo, na mto waliuita nzadi, au nzere, mto mkubwa. Masikio ya Wareno yakasikia "Zaire". Unaelewa sasa? Ile zaire ambayo papa yako alilipwa mshahara miaka mingi, jina lake lilipita kwenye ulimi wa hao mabaharia.

Safari ya pili alipanda mto mpaka maporomoko ya Yellala, juu kidogo ya Matadi ya leo, kama kilometa 150 kutoka baharini, na pale meli zikashindwa. Kwenye mwamba walichonga maneno kwamba hapa zilifika meli za mfalme João, na majina, Diogo Cão na wenzake. Maandishi hayo yako pale mpaka leo. Mwaka 1486 alifika mpaka Cape Cross, nchi ambayo sasa ni Namibia, akasimamisha nguzo nyingine, na hiyo Wajerumani waliibeba 1893, ikakaa Berlin, mpaka 2019 jumba la makumbusho la huko likatangaza kwamba litairudisha Namibia.

Kwenye vitabu vyao anaitwa mvumbuzi, na sarafu yako inamheshimu kwa hilo. Mimi neno hilo siwezi kuliandika bila kuongeza kitu. Alipofika, Kongo ilikuwa na mfalme wake Nzinga a Nkuwu, ilikuwa na mji mkuu wake Mbanza Kongo, na ilikuwa na pesa yake, nzimbu, makombe madogo yaliyovuliwa kwenye kisiwa cha Luanda chini ya ulinzi wa mfalme. Na huku kwetu, mbali sana na pwani, watu walikuwa wanamimina shaba kwenye kalibu za udongo na kutoa croisette, na nyingine ndogo ndogo zimekutwa kwenye makaburi ya Sanga karibu na ziwa Kisale, zimelazwa pamoja na wenyewe. Kwa hiyo siku meli ile inaingia mdomoni mwa mto, kulikuwa na pesa mwanzo wa mto na pesa mwisho wa mto. Na yaliyofuata nyuma yake hayakuwa nguzo na misalaba tu. Mwaka 1526 mfalme Afonso wa Kongo, mtoto wa yule Nzinga, alimwandikia mfalme wa Ureno barua akilia kwamba wafanyabiashara wanakamata watu wake kila siku, mpaka watoto wa wakubwa na wa jamaa yake, na nchi inabaki tupu. Ilikuwa haijapita hata miaka 50.

Kitu kimoja zaidi ndicho kinanifanya nisitake uiyeyushe. Ule mto aliouona unaanza huku. Lualaba unatoka Katanga, juu ya hii ardhi yetu nyekundu, unapita Upemba, unazunguka nchi nzima. Diogo Cão alionja maji yaliyotoka kwetu na hakujua yanatoka wapi, na karibu miaka 400 ikapita mpaka Stanley alipoteremka na Lualaba akatokea Boma mwaka 1877 ndipo Wazungu wakakubali kwamba Lualaba na Kongo ni mto mmoja.

Ukitaka kuuza ni haki yako, pesa ya shule haingoji historia, naelewa kabisa. Uza baada ya kipimo cha maji, kwa mtu anayelipa siku hiyo hiyo, na usishuke chini ya hesabu yako ya 0.62. Ukiamua kuitunza, usiifunge kwenye gazeti wala na mpira wa kufungia, vyote vina salfa. Usiitie kwenye vile vimfuko vya plastiki laini vinavyonuka, baada ya miaka vinatoa utelezi wa kijani unaoula uso wa sarafu. Kikopo kidogo cha plastiki ngumu chenye kifuniko kinatosha, na ndani yake pamba safi. Iguse kwenye ukingo tu, si usoni.

Na pembeni, kwenye karatasi isiyogusana nayo, andika papa yako aliipata kwa nani, alimwendesha wapi, na mwaka gani, hata kama ni kwa kukisia. Muulize mama kabla, yeye atakuwa anakumbuka. Andika kwa penseli, wino wa biki unaenea msimu wa mvua.